Sauti Iliyokuwa Ikiuliza

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Nilizaliwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi karibu na Silibwet, na woga wangu ukapata kazi ya kutosha.

Lakini jambo lenyewe lilianza na hasira. Msomi mmoja wa chuo kikuu alikuja kwetu na kinasa sauti, akawanywesha wazee soda, akawauliza habari za zamani, kisha akaondoka na sauti zao zote. Tulimwandikia atuletee nakala. Mpaka leo. Nyanya yangu, mama yake mama, ambaye sisi tulimwita kogo, alisema mtu huyo amemkamua ng'ombe wetu akaenda na ndoo.

Rafiki yangu, msichana wa rika langu, ndiye aliyesema tufanye wenyewe. Alikuwa karani katika ofisi ya kiwanda cha majani chai. Watu wao walitoka upande wa ziwani, ila yeye alizaliwa hapa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi, baba yake akiwa fundi wa mashine. Alikuwa na redio ya kaseti mbili na udadisi usio na breki. Jumapili baada ya kanisa tulikaa jikoni kwa kogo, yeye akiuliza, kogo akijibu, mimi nikibonyeza vitufe. Walielewana kwa Kiswahili, kwa sababu kogo alikuwa amekiokota mashambani alipokuwa akichuma chai.

Siku ya kwanza rafiki yangu aliona aibu, yeye mwenye maneno mengi vile. Alisema, "Kogo, naogopa kuuliza vibaya." Kogo akacheka mpaka akakohoa. "Uliza, mtoto yangu. Mimi siumi mtu."

Basi akauliza. Aliuliza kilima kile kilikuwa cha nani kabla hakijapandwa chai, watu waliondolewa vipi, na walipoambiwa watoke walibeba nini kwanza. Aliuliza pia kogo aliwaonaje watu wa ziwani walipoletwa kufanya kazi. Kogo alimwambia waliwahurumia kwa ajili ya baridi, na wakadhani hawatamaliza hata mwaka. Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kikaingia kwenye kaseti.

Hatukutaka tena mtu mmoja ashike ndoo. Kwa hiyo kila mazungumzo tuliyatolea nakala, na kila nakala ikalala nyumba yake. Aliyeazima aliruhusiwa kunakili na kumpa mwingine. Hapakuwa na ghala wala mkubwa wa kuombwa ruhusa. Nyumba moja ikiungua, tulisema, nyingine itakuwa nayo. Kaseti zilifika Sotik na Mulot, watu wakazisikiliza huku wakipukuchua mahindi. Nikienda sokoni wauza mboga waliniuliza kogo atasema nini wiki ijayo, nami nikajiona mtu mkubwa.

Mvua za masika zilipofika, kogo alifariki. Sauti yake iliendelea kutembea nyumba hadi nyumba. Mama yangu tu ndiye aliyekataa kuisikia. Tukiwasha redio, alichukua ndoo akaenda kwa ng'ombe. "Kuongea na redio ni kazi yenu," alituambia.

Kisha uchaguzi ukakaribia na fujo zikaanza. Tuliona moshi kutoka uwanja wa shule, ng'ambo ya chai. Karatasi za kuwaambia watu wa ziwani wahame zilitupwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilifundisha hesabu masikio yakiwa mlangoni, na mlango ukigongwa na upepo nilikuwa wa kwanza kushtuka, kabla ya watoto.

Siku moja sokoni mama mmoja aliinamia kabichi zake na kuniambia bila kuniangalia, "Teacher, vijana wanauliza yule msichana wa kaseti. Wanasema anakusanya mambo ya mashamba apelekee watu wao."

Uso wa rafiki yangu ulijulikana na wachache, lakini sauti yake ilikuwa imeingia kila jikoni. Mtu ambaye hakuwahi kumwona angemtambua akisema jambo dogo tu. Nilifikiria kukusanya kaseti zote nizifiche. Kutoka kwa nani? Tulikuwa tumezisambaza makusudi ili asipatikane mtu wa kujua zilipo zote. Kile tulichojivunia ndicho kilichonitoa jasho sasa, na nilirudi nyumbani nikiwa nimesahau sukari niliyotumwa.

Mama ndiye aliyeamua, mimi nilikuwa nalia tu. Alienda mwenyewe kumtoa rafiki yangu kwenye nyumba za wafanyakazi, alikobaki peke yake wazazi wake walipotangulia ziwani, akamleta kwetu akiwa na mfuko mmoja. Asubuhi iliyofuata alimfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. "Wewe unaumwa na jino," alimwambia. "Ukifungua mdomo tumekwisha."

Tulipanda pikapu ya jirani iliyopeleka maziwa Sotik, tukakaa nyuma katikati ya mikebe, sote watatu. Kabla ya kufika tulikuta gogo barabarani na vijana wenye marungu na pinde. Mmoja alikuja nyuma, akamtazama rafiki yangu. "Habari ya asubuhi, dada?" Rafiki yangu aliinamisha kichwa. "Si uongee?"

Mama alimjibu kwa Kikipsigis kwamba huyo ni binti yake, na jino lake limeinyima nyumba nzima usingizi. Akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, na nani atalipa maziwa yakiganda. Kijana hakucheka. Aliuliza kama tunamjua yule wa kaseti.

"Kaseti gani?" mama akasema. "Mimi sisikilizi hizo vitu."

Kucha za rafiki yangu zilikuwa zimeingia kwenye kiganja changu. Nilimsikia akipumua kwa pua, nikaogopa hata pumzi zake watazitambua. Nilikuwa na hakika tutakufa pale, kati ya mikebe, na niliwaza upuuzi, kwamba nimeacha madaftari ya watoto bila kusahihisha. Kisha mtu akapiga kelele mbele kwamba gari la maziwa lipite, kijana akageuka, gogo likavutwa.

Sotik alipata lori la watu waliokuwa wakielekea Kisii. Hata pale hakufungua mdomo. Aliinua mkono tu. Baadaye tulipata habari kwamba alifika kwao ziwani salama, lakini huku hakurudi tena. Nyumba yao ilichomwa wiki hiyo hiyo, na kaseti zetu za kwanza, zile ambazo nakala zote zilitokana nazo, ziliungua humo.

Fujo zilipotulia nilisema sawa, ndiyo maana tulizisambaza. Nikaanza kuzunguka nikiazima. Ya kwanza niliipata Silibwet. Kogo alisema, "Uliza, mtoto yangu. Mimi siumi mtu." Halafu rafiki yangu hakuuliza. Nilisikia mvua juu ya mabati, na mtu akipumua karibu sana. Kisha kogo akajibu, akinyamaza ikarudi mvua ile ile.

Mtu alikuwa amekaa na redio yake akabonyeza kitufe chekundu cha kunasa sauti kila rafiki yangu alipoanza kusema. Nilikasirika sana. Nikaenda nyumba ya pili. Huko, mahali pa maswali palikuwa na kuku, na mtoto akinyamazishwa. Nyumba ya tatu palikuwa na mtu akiomba Mungu kwa kunong'ona. Hawakuwa wamekubaliana. Kila mmoja alijifungia peke yake akafanya jambo lile lile. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa nyumba moja kuungua, hatukuwaza kwamba woga utabisha hodi kwa wote.

Ilibaki kaseti ya nyumbani kwetu, iliyokuwa kabatini kwa mama. Niliogopa kuisikiliza kuliko zote. Jumapili moja mchana niliiweka, mama akachukua ndoo yake akatoka kama kawaida.

Sauti ya rafiki yangu haikuwamo. Ilikuwamo ya mama, ya chini, inatetemeka, mdomo ukiwa karibu kugusa redio.

"Mama, naogopa kuuliza vibaya."

"Uliza, mtoto yangu," kogo akasema. "Mimi siumi mtu."

Na mama akauliza. Aliuliza kilima kilikuwa cha nani, na walibeba nini kwanza, swali baada ya swali, kama rafiki yangu alivyouliza. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu kutoka zizini. Katikati mbwa alibweka nje, mama akanyamaza, kitufe kikalia. Aliporudi sauti ilikuwa imekauka, lakini hakuruka swali hata moja, na kila mara mama yake alimjibu.

Mwishoni, kogo alipokuwa amemaliza maneno yake yote, mama aliongeza swali ambalo rafiki yangu hakuwahi kuuliza.

"Mama, sasa tufanye nini?"

Kaseti iliendelea kuzunguka. Nilisubiri nikiwa nimeshika meza, mpaka ikafika mwisho na kitufe kikaruka, na mama akaingia na maziwa.