Bata Mzinga wa Orval Teague

Orval Teague, jirani yangu hapa kusini mwa Iowa, alikuwa na hamu moja: kumsikia bata mzinga wa porini akilia alfajiri kwenye kilima chake mwenyewe. Babu yake aliwasikia wale wa mwisho, kabla bunduki na mashoka hayajawamaliza, akamfundisha mjukuu kuuiga ule mlio. Orval aliuiga hata mezani, viazi mdomoni, mpaka mkewe Neva anahama na sahani yake.

Kwanza alinunua wa kufugwa, akawaachia msituni. Kesho yake aliwakuta wote juu ya gari lake, wanangoja mahindi. Tulimcheka sana, mimi nikiwa wa kwanza, na sijivunii.

Baadaye watu wa serikali walileta maboksi yenye bata mzinga halisi, walionaswa kwa nyavu kwenye milima ya Missouri. Hao walipofunguliwa walitimua mbio, wakapotelea mitini. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuwinda mpaka wazaane. Orval akasubiri miaka saba, na miaka yote hiyo trekta lilikuwa likimla masikio kwa ngurumo yake, naye akidai sisi ndio tunaonong'ona.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa alimwomba Neva amsindikize. Waliketi chini ya mwaloni, bunduki mapajani mwa Orval. Kulipopambazuka, Neva akamgusa goti.

"Huyo, analia."

"Wapi?"

"Pale mbele. Huyo tena. Mzee wangu, kweli husikii?"

Orval alitikisa kichwa. Miaka yote hiyo, na ndege yuko hatua hamsini.

"Analiaje? Kama mimi?"

"Wewe? Wewe unalia kama mlango mbovu."

"Usinitanie, Neva. Niambie."

Neva hakuwahi kuuiga mlio ule hata siku moja, aliuona upuuzi. Alimvua mumewe kofia, akaweka mdomo sikioni mwake, akalia kama bata mzinga kwa nguvu zake zote. Ndege aliruka akaenda zake. Orval alikuwa anatokwa machozi.

"Tena," alisema.

Neva akarudia, mpaka sauti ikamkauka.

Niliwakuta wakirudi mikono mitupu, nikamuuliza Orval kwa kupaza sauti amepata nini.

"Nimemsikia," alinijibu.

Neva, kando yake, alikuwa anatazama viatu vyake.