Visahani Visivyofunguliwa

Jambo la kwanza ambalo mtu angeligundua kwake ni kwamba alibana pumzi kabla ya kufunua chochote, hata sufuria jikoni kwa mama yake. Wadogo zake walimbandika jina la Bi Visahani.

Alikuwa mwaka wa pili wa uzamili, akichunguza vijidudu vinavyoelea hewani. Aliacha visahani vya rojo la lishe, chakula cha vijidudu, wazi juu ya mapaa na sokoni, kisha akahesabu madoa ya vijidudu yaliyoota. Lengo lilikuwa kuijua hewa ya siku ya kawaida, ili mtu akija kusambaza vijidudu vya kudhuru makusudi, wataalamu wa ulinzi wavitambue mapema vile vigeni. Kila safari alibeba pia kisahani kimoja kisichofunguliwa kamwe. Hicho kilipaswa kubaki safi, kuthibitisha kwamba vilivyoota kwenye vingine vimetoka hewani tu.

Wiki iliyopita visahani sita vya aina hiyo viliota madoa ya manjano.

"Hukufungua hata kidogo?" msimamizi wake aliuliza.

"Hata kidogo, Profesa."

"Basi mpaka nijue yametoka wapi, tasnifu yako siipokei."

Alitoka akijiuliza uchafu umeingilia wapi. Ni mkoba wa kubebea visahani? Ni mikono yake? Fundi wa maabara alishuku mtungi wa mvuke wa kuchemshia rojo ili kuua vijidudu, uliobadilishwa kipimo mwezi uliopita.

"Dada, huyu siku hizi anapiga kelele tu, hapiki," alisema akiugonga mtungi.

Wakaandaa visahani vipya. Vya kushoto rojo lake lilichemshwa kwenye mtungi wao, vya kulia kwenye mtungi wa maabara jirani. Vyote vikafungiwa siku mbili kwenye kabati la joto. Vya kushoto peke yake vikiota, kosa ni la mtungi, na kazi ya mwezi mmoja tu ndiyo imeharibika. Vyote vikibaki safi, uchafu ameuleta yeye, na mwaka mzima na nusu umekwenda na maji.

"Yaani mwanangu unaomba uchafu?" mama yake alishangaa alipoelezwa jioni nyumbani.

"Wa upande wa kushoto tu, mama."

"Na miaka yote hii nakufundisha kuosha vyombo!"

Alicheka, kisha akajikuta hajui kama anacheka au analia.

Leo asubuhi amesimama mbele ya mlango wa maabara, ghorofa ya tatu. Kupitia kioo analiona kabati, taa yake nyekundu ikiwaka, lakini visahani vilivyomo ndani havionekani. Fundi mwenye funguo amepiga simu kwamba ameshaingia getini. Sasa viatu vyake vinasikika ngazini, huko chini kabisa, kisha vinatulia: fundi amesimama kumsalimia mfagizi.