Kettler Walikimbia

Kila Novemba, kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kushikwa na kurushwa kwa mikono, Wilhelmina Teunissen hushuka uwanjani katika Chuo cha Harmen akiwa amevaa koti la marehemu mumewe, la bluu, lenye herufi nyeupe mgongoni. Hupewa kipaza sauti, na bila karatasi mkononi huzitaja timu zote ambazo kocha Gerrit Teunissen alizipiga katika msimu ule ambao Harmen hawakupoteza hata mechi moja. Akizimaliza hunyamaza kidogo, hutabasamu, kisha huuliza, "Na Kettler je?"

Jukwaa zima, wazee kwa wanafunzi, hujibu kwa sauti moja: "Walikimbia!"

Katika mji wa Harmen Grove, Iowa, watoto huijua kelele hiyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Chuo cha Kettler kiko ng'ambo ya mto, na enzi hizo hapakuwa na timu ngumu kuliko yao. Mwaka ule tu hawakuwemo kwenye ratiba. Mji ukajijibu wenyewe sababu yake, na jibu likakaa.

Wilhelmina, Mina kwa kifupi, alifundisha Kilatini na historia sekondari mpaka alipostaafu, na hata watu wenye wajukuu bado humwita Mwalimu. Sebuleni kwake, juu ya piano, ipo ngao ya mchezaji bora wa ligi, aliyoipata mwanawe Pieter msimu huohuo akiwa mrusha mpira katika timu ya baba yake. Ngao hiyo huifuta vumbi yeye mwenyewe. Mfanyakazi wa usafi anaruhusiwa kugusa piano tu.

Mwaka huu Harmen walikuwa tena hawajapoteza mechi, na mji ulikuwa umerukwa na akili. Tanner Bloem, mrusha mpira wao, alikuwa amebandikwa kwenye kila dirisha la duka. Mina peke yake hakushangilia. "Vibonde," alisema kila alipoulizwa. "Wamecheza na vibonde tangu Septemba. Usiniambie umeshinda mara ngapi. Niambie umemshinda nani."

Alhamisi ile kamati ya ngao ilikutana katika chumba cha chini cha kanisa, kama kawaida, mbele ya kahawa na mikate ya lozi. Ngao yenyewe siku hizi inaitwa Ngao ya Teunissen, na kiti cha Gerrit kwenye kamati alikirithi Mina. Mwenyekiti ni Darlene Voskuil, mwanafunzi wake wa zamani. Upande wa Kettler safari hii alikuja Emmett Krol, aliyekuwa kocha wao zama za Gerrit, mzee mrefu aliyerudi karibuni kutoka Arizona na fimbo na kofia ya kijani.

"Wapo wawili," alisema Darlene. "Tanner wetu, na Isaac Wozny wa Kettler. Wozny timu yake imepigwa mara tatu, sasa sijui tunajadili nini."

"Tunajadili imepigwa na nani," alisema Mina. "Kettler wamekwenda kucheza na vyuo vikubwa mara mbili yao, na Wozny amesimama mpaka dakika ya mwisho akiwa na matope mpaka puani. Tanner hajachafua hata soksi."

"Mwalimu, jamani! Tanner ni mtoto wa hapa."

"Na mume wangu alikuwa mtu wa hapa, lakini hakuchagua vibonde. Aliyetaka kuja alikaribishwa. Waliokimbia wanajijua." Akamtupia Krol jicho.

Krol alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani. "Shemeji, bado tu? Miaka yote hii mnatuzomea na mimi nimenyamaza. Nilidhani mnatania."

"Tunatania nini?"

Kicheko kilimtoka Krol usoni kidogo kidogo. Akamtazama Darlene, akamtazama tena Mina. "Hujui," alisema. "Mungu wangu. Hujui kweli."

"Emmett, sema."

"Hatukukimbia. Gerrit alinipigia simu majira ya kuchipua. Bega la Pieter lilikuwa bovu, na daktari alikuwa amesema likipigwa vizuri mara moja tu basi. Akaniomba, 'Mwaka huu tu tuache, mwanangu amalize.' Nami nina watoto, ningesemaje? Mahali petu akaweka wale wa chuo cha ualimu, wale waliokuja na basi bovu."

Darlene alishika mkate mdomoni bila kuuma.

"Uongo," alisema Mina, lakini sauti haikuwa yake.

"Alisema nisikwambie. 'Mina akijua atanirudisha kwenye simu nifute.' Hayo ndiyo maneno yake, shemeji."

Hapo ndipo alipoikumbuka simu ile. Alikuwa akimenya viazi, na Gerrit akauvuta waya wa simu ya ukutani mpaka ndani ya stoo ya chakula, akafunga mlango akasimama humo gizani na mitungi ya matango. Mina alitabasamu siku ile. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa karibu, akadhani anaagiziwa kitu cha siri. Alipopewa glavu za sufu alishangaa kidogo kwamba glavu zilihitaji kufungiwa mlango. Kisha akasahau.

"Haya yaishie humu," alisema Darlene haraka. "Mzee Krol, tafadhali. Mwalimu, hakuna atakayejua."

Mina alinyoosha mkono akampigia kura Wozny. Krol naye akanyoosha wake, na ngao ikawa ya Wozny.

Nyumbani alimpigia Pieter, ambaye ni daktari wa meno Omaha, kabla hajavua hata koti. "Bega lako. Mwaka ule. Ulijua kuhusu Kettler?"

"Mama, timu nzima ilijua."

"Timu nzima! Na mimi nasimama pale kila mwaka kama kasuku?"

"Baba alisema wewe usiambiwe. Alikuogopa, Mama, kweli. Waache washangilie Jumamosi, ni kelele tu. Wewe umefanya kosa gani?"

"Jina ni langu pia," alisema Mina, akakata simu.

Jumamosi wageni walikuwa Kettler wenyewe; palikuwa na baridi kali, na jukwaa lilikuwa limejaa. Mina alizitaja timu moja moja, na safari hii, alipofika chuo cha ualimu, alisikia jina la chuo hicho likiwa jepesi mdomoni. Akazimaliza. Hakuuliza swali lake, lakini watu hawakungoja kuulizwa.

"Walikimbia!"

Alingoja kelele iishe. "Hawakukimbia," alisema. "Kocha Teunissen aliwaomba wasije. Ni sisi tuliokimbia."

Mtu fulani alicheka, akidhani ni mzaha mpya. Mwingine akaita kutoka nyuma, "Mwalimu amepatwa na baridi, mpeni kiti!"

"Sijapatwa na chochote, Wendell, kaa chini," alijibu Mina kwenye kipaza sauti, kwa kuwa alimfundisha na anaijua sauti yake. "Ni sisi tuliokimbia. Mwakani msiniitikie."

Sasa hakuna aliyecheka. Upande wa wageni, Emmett Krol alivua kofia yake ya kijani, akaishikilia kifuani.

Wakati wa mapumziko Mina alimkabidhi Isaac Wozny ngao, huku jukwaa la nyumbani likipiga makofi ya watu waliovaa glavu. Krol alimfuata Mina hadi kwenye uzio akichechemea na fimbo yake.

"Shemeji, Gerrit angeniua kwa hili."

"Angeanza na mimi," alisema Mina, akafunga vifungo vya koti la mumewe mpaka shingoni. "Na angeniogopa, kama kawaida. Sasa niambie ukweli. Mwaka ule mngetupiga?"

Krol aliutazama uwanja, akafikiri kwa haki. "Vibaya sana," alisema.