Bwana wa Kifaransa na Finjani ya Mama

Mie skuli niliiachia njiani, na Kiingereza changu kikabaki hukohuko. Lakini teksi haiulizi cheti. Siku hiyo nilimchukua mzee wa Kifaransa aliyeshuka melini bandarini Mutrah, tukapatana, nikamleta kwetu Darsait anywe kahawa kwa mama.

Mama akammiminia. Mgeni kamaliza, finjani kaishika tu. Kwetu usipoitikisa maana yake hujatosheka, mama akajaza tena. Mgeni kwa adabu akanywa. Akajaziwa tena. Kahawa ikamchangamsha, akaanza habari za bwana mmoja wa zamani wa kijijini kwao, mwenye ngome na farasi, aliyeshona msalaba kifuani mwa joho lake akaenda Baytul Maqdis kupigana na Waislamu. Mie mkalimani, kwa Kiingereza changu hichohicho cha kuvunjika.

"Alikuja kutupiga sisi?" mama akauliza.

"Zamani hizo, mama. Yashapita."

"Haya. Mwambie anywe."

Bwana yule alitekwa Misri, akafungwa miaka mingi. Kwao, mama yake kila jioni anapanda mnarani kutazama njia.

Hapo mama akaliweka dele la kahawa chini. Kaka yangu mkubwa yuko Ulaya. Kila mwaka anasema atakuja mwakani.

"Alirudi?"

Mgeni akasema alikombolewa, akarudi na mvi zake, mama yake keshazikwa. Mpaka leo kachongwa jiweni kanisani kijijini kwao, kalala ubavuni mwa kaburi la mama yake.

Mie nikatafsiri: "Alirudi, akamkuta mama yake mzima, wakala pilau."

Mama akamtazama mgeni, akaona macho yamemlowa.

"Mwanangu, mtu mzima halilii pilau."

Nikamwambia ya kweli. Akasema, "Mpigie kaka yako."

Nikapiga palepale. Kaka akacheka. "Mwambie bi mkubwa nakuja baada ya Idi, inshallah."

Alikuja kabla ya Idi. Tulikuwa tushamzika mama.

Kwenye matanga mie ndiye niliyepita na dele, nikiwamiminia waliokuja kutupa pole. Kila mmoja akinywa, anatikisa finjani, napita. Kaka akamaliza yake, akaishika vilevile kama yule Mfaransa. Ulaya imemsahaulisha. Wallahi nilitaka kumtania, nikaacha. Nikamjazia. Akanywa, machozi yanamtoka. Nikamjazia tena, kama ambavyo mama angefanya.