Nikilinganisha Meli, Macho ya Baba Yakizimika

Mimi ndiye mkosaji. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla hujasikia nilichofanya. Baba yangu amepofuka tukiwa nyumba moja, tukila meza moja, na mimi sikuona. Nilikuwa nachagua meli!

Utadhani natania. Laiti ningekuwa natania, jamani.

Ninaishi Ipuli, hapa Tabora. Nina steshenari mjini, nachapa barua za watu, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Baba nilimchukua kutoka shambani Ntalikwa mama alipofariki, sikutaka abaki peke yake na mizinga yake ya nyuki. Kwa wazazi wetu tuko wawili tu, mimi na kaka yangu anayefanya kazi nje ya nchi.

Sasa, babu yake baba alikuwa mpagazi. Alitoka hapa kwa miguu, pembe ya ndovu begani, mpaka pwani, kisha akarudi. Kwetu Wanyamwezi wa enzi zile, kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto hata awe na ndevu. Baba amekua na habari za safari ile, anazijua kituo kwa kituo. Lakini yeye mwenyewe bahari hakuwahi kuiona. Ilikuwa tumbaku, mahindi, nyuki, ada zetu za shule, basi maisha yakaishia hapo. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Dodoma, kwenye mkutano wa kanisa.

Ndipo kaka akapiga simu. "Dada, nataka Mzee aione bahari, tena aione akiwa juu yake. Wewe unayajua mambo ya mtandao. Tafuta meli nzuri, mimi nitalipia, mwende wote wawili."

Nilipomwambia baba, aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Nikamsikia anacheka. Mzee mzima, anacheka peke yake chumbani!

Nikaanza kutafuta. Meli kubwa za watalii zilizokuwa zikichukua abiria Dar msimu ule nilizipata mbili. Moja nyeupe tupu, nyingine ina mkanda mwekundu ubavuni. Zote zinazunguka visiwani halafu zinarudi. Mtu mwenye akili zake angechukua moja akamaliza kazi.

Mimi sikumaliza. Nyeupe vyumba vyake vina kibaraza, unakaa kitini unatazama maji. Ile ya mkanda vyumba ni vidogo, lakini ukumbini ina madirisha makubwa kutoka chini mpaka juu. Nyeupe chakula chake kinasifiwa, ila kuna mama mmoja alilalamika wali haukuiva. Ile ya mkanda ina lifti kila kona, Mzee asihangaike na ngazi. Nyeupe ina daktari. Nikaikubali Nyeupe. Kumbe na ile nyingine ina daktari! Nikaanza upya.

Nilitazama video za watu nisiowajua wakionyesha mpaka vyoo. Mteja amesimama anasubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa, mimi niko kwenye mabwawa ya kuogelea. Na baba hata kuogelea hajui!

Kaka akiuliza namjibu, "Bado nalinganisha." Ananisifu, "Uko makini sana, dada." Sifa zile zilinilevya. Nitasema ukweli kwa sababu hapa hunijui: nilikuwa nafurahia kuchagua kuliko kusafiri. Maisha yangu yote nimechukua kilichopo. Sijawahi kuwekewa mbele vitu viwili vizuri nikaambiwa, haya, chagua. Nikanogewa.

Nafasi zikajaa. Zote mbili.

Nikamwambia baba si neno, tutakwenda msimu mwingine, na safari hii nitachagua kwa utulivu. Alikuwa anakula. Mkono ukasimama juu ya sahani.

"Mwanangu, yoyote," akasema. "Mimi nilishakuambia yoyote. Twende mapema tu."

"Baba nawe! Haraka ya nini? Bahari haihami."

Ndivyo nilivyomjibu mzazi wangu. Bahari haihami! Mdomo huu huu.

Dalili zilikuwepo, sasa hivi naziona zote zimejipanga. Chai ilikuwa ikimwagika kwenye kisahani, nikasema uzee. Alijigonga kwenye mlango wa jikoni, akamlaumu fundi kwamba ameweka mlango mwembamba, nikacheka. Kanisani kwetu Moravian alishika kitabu cha nyimbo kimefungwa, akaimba beti zote bila kukosea, nikajivunia kumbukumbu ya baba yangu. Njiani hakuwa akianza yeye kumsemesha mtu, lakini nani angeshangaa? Yeye ni mzee, anangoja kuamkiwa. Akisikia shikamoo, anaijua sauti, anaitikia marahaba na jina juu yake. Heshima yetu yenyewe ilimficha.

Siku moja nilimpa simu atazame kile kibaraza cha Nyeupe. Akaishika, akaiinamia muda mrefu, akasema, "Nzuri sana." Nikachungulia. Kioo kilikuwa kimezima zamani!

Unajua nilifanya nini? Nilimfokea. "Baba, mbona hata huangalii? Mimi nahangaika kwa ajili yako na wewe hujali!"

Akaniomba radhi. Baba yangu aliniomba radhi mimi.

Kilichonimaliza kabisa ni utani. Jirani yetu, Mama Zuhura, ni Mzaramo, ameolewa hapa Tabora tangu ujana wake. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakifika kwao na mizigo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni, akakuchukulia kuku wako, akakucheka hata msibani, na wewe ukinuna, wewe ndiye usiye na adabu. Kwa hiyo yule mama akiingia kwetu ni vurugu. Baba anamwita mla nazi, yeye anamwita baba mpagazi.

Asubuhi moja akanikuta barazani na simu yangu. Baba alikuwa ndani.

"We mjukuu wa mpagazi, bado unachagua meli tu?"

"Nachagua, mla nazi. Unataka tukuchukue ukatuoshee vyombo?"

"Meli ya nini? Huyo kipofu wako ataona nini? Mpandishe hata kwenye beseni, mwambie ndiyo bahari, atakubali!"

Nikacheka mpaka machozi. Nikamrudishia, "Nyie Wazaramo mmeiona bahari tangu kuzaliwa na bado mnapika ugali mbichi!" Yeye hakucheka. Nakumbuka vizuri hakucheka. Akarudia, taratibu, "Kipofu yule. Nakuambia mimi mtani wako, baba yako kipofu." Nikamrushia kandambili, tukaagana.

Angekuwa mtu mwingine akaniambia hivyo, ningekasirika, na kwa hasira zile zile ningekwenda kumtazama baba yangu usoni. Lakini alisema mtani. Kwetu maneno ya mtani unayacheka, unayajibu, unayaacha pale pale. Nikayaacha.

Siku ya kuujua ukweli ilinikuta nje ya kanisa. Ibada imekwisha, watu wanasalimiana, mimi nilikuwa nimejitenga pembeni najibu ujumbe wa kaka kuhusu meli. Nikarudi alipo baba huku bado naandika. Nikasimama mbele yake kabisa, kimya, namalizia sentensi.

Baba akageuza uso kuelekea kwangu. Akasema kwa adabu, kama anavyomsemesha mtu asiyemjua, "Samahani ndugu, hujamwona binti yangu? Alikuwa hapa hapa."

Mungu wangu! Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa!

Nilimshika mkono, akaujua mkono, uso ukambadilika. Tulirudi nyumbani tumeshikana hivyo hivyo.

Hospitali daktari hakuchukua muda mrefu. Presha ya macho. Inakula taratibu, inaanzia pembeni, mtu anabaki anaona katikati tu, mwisho hata hapo panafunga. Nikauliza dawa. Akasema dawa ipo, ya matone, lakini inalinda kinachobaki. Kilichokwenda hakirudi. "Mngemleta mapema," akasema. Hakusema kwa ubaya. Jicho moja limekufa kabisa. La pili linaona mwanga wa dirisha, basi.

Nilimfuata Mama Zuhura nikiwa nawaka. Kwa nini hakuniambia? Aliniacha nipige kelele zote, kisha akakaa chini.

"Baba yako aliniapisha. Nilimkuta ameingia mtaroni, nikamtoa, akaniapisha nisikuambie. Alisema mkijua mtampeleka hospitali kwanza, safari itavunjika, na yeye anataka aione bahari kabla macho hayajakwisha. Mimi nimeapa, mwanangu. Kukuambia nisingeweza. Kukutania niliweza. Nikakutania mara mbili."

Utani tunaupenda kwa sababu mtani anaweza kusema lisilosemeka. Nimezaliwa nao, nimekulia ndani yake, na siku uliponihitaji nisikilize, nikarusha kandambili.

Sasa umeelewa? Yule mzee alikuwa anashindana na macho yake. Kila aliposema "yoyote, twende mapema", alikuwa ananiomba. Na mimi namjibu habari za lifti!

Ole wangu, hayajaishia hapo. Kaka hajui. Baba amekataa asiambiwe. Kaka alipopiga juzi, baba akachukua simu akacheka, "Mimi ndiye ninayechelewesha, mwanangu. Dada yako hana kosa, mimi ndiye mwoga wa maji." Nimekaa pembeni nasikia. Kaka akaomba anisemeshe, akanishukuru kwa uvumilivu wangu na Mzee. Nilisema asante. Nilitaka kusema mengine, baba akanibana kiganja.

Silali vizuri. Nachoma chakula. Steshenari nafungua nikijisikia. Natamani anitukane, hanitukani. Natamani kaka ajue aninunie mpaka mwisho wa dunia, na ninaogopa akijua. Niseme au nitii? Wewe unayesoma, ungefanya nini? Mimi sijui tena.

Wiki hii nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, "Baba, nisamehe, nimekuulia bahari yako." Akasema niinuke, sakafu ina baridi. Akauliza kama zile meli bado zipo. Nikasema zipo, zinarudi.

"Basi twende. Macho yako yatatosha wawili."

Nikalia mno. Nilipotulia nikamwambia, sawa, safari hii uchague wewe, ipi?

Akauliza, "Kati ya hizo mbili, ipi ukikaa nje unayasikia maji?"

Najua ipi ina mapazia ya kijani. Najua bei ya soda ya kila moja, idadi ya lifti, rangi ya mashuka, najua mpaka jina la mpishi mkuu wa Nyeupe. Nikachukua simu nikarudia zile video zote, naongeza sauti, naweka sikio. Zote zimewekewa muziki juu.

Baba amekaa, uso kwenye mwanga wa dirisha, ananingoja nimjibu.

Nakuomba, kama una mzee nyumbani na amekuambia yoyote, mwamini. Usiniige mimi. Ukimaliza kusoma hapa usinionee huruma, inuka ukamtazame usoni. Simama mbele yake bila kusema neno, uone kama atakujua.