Mwembamba na Mwenye Joho

Baba mkwe wangu alikuja kwetu Nyakato kutibiwa jicho. Alikusudia kukaa wiki mbili, lakini daktari alimtaka arudi hospitali kila Jumatano, na wiki mbili zikawa miezi mitatu. Alikuwa mfugaji kutoka upande wa Misungwi, mrefu, mkavu, mtu wa kuvaa makatambuga ya matairi hata mjini. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa kwa pamba na plasta. La kulia lilikuwa zima, na kwa jicho hilo moja aliitazama televisheni yetu kwa makini kuliko sisi wenye mawili.

Miaka hiyo ya tisini vitu vilikuwa vimeanza kujaa madukani, na mtu wa kawaida aliweza kununua kitu ambacho zamani alikiona kwa wakubwa tu. Mume wangu, fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha hapo hapo Nyakato, alinunua televisheni iliyokwisha kutumika pamoja na deki ya kuchezea mikanda ya video. Mtaani kwetu ilikuwa televisheni ya pili. Ya kwanza ilikuwa kwenye baa, na baa akina mama hatukwenda. Kwa hiyo Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, walikuja kwetu. Walivua viatu mlangoni, wakajibana kwenye mkeka, na walichotaka kuona ni mieleka.

Ilikuwa mieleka ya Ulaya na Marekani, wanaume wenye mapaja kama magogo wakirushana ulingoni huku maelfu ya watu wakipiga kelele. Majina yao mtangazaji aliyatamka haraka mno, hatukuyashika, tukawapa ya kwetu. Kulikuwa na Mwembamba, kijana mwenye nywele ndefu na bukta nyeusi, asiye na madoido yoyote, ambaye akikushika mkono hakuachii mpaka umepiga sakafu kuomba msamaha. Na kulikuwa na Mwenye Joho. Huyu aliingia amevaa joho jekundu lililoburuta chini, akitembea polepole kama hana haraka na dunia, na kabla hajafika kwenye kamba ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mieleka yenyewe alijua mitindo miwili, labda mitatu.

Mimi ni Mkerewe, lakini niliolewa kwa Wasukuma, na kwao mkwe wa kike hakai karibu na baba mkwe wake. Niliweka kigoda changu mlangoni, pale ujia wa jikoni unapokutana na sebule. Wiki nzima nilikuwa nimesimama kiwandani nikipakia minofu ya sangara, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, kwa hiyo kukaa tu lilikuwa jambo kubwa kwangu. Kutoka pale niliona televisheni vizuri, na niliwaona watazamaji vizuri zaidi.

Mtazamaji mkuu alikuwa jirani yetu, mwalimu wa hesabu, mtu wa Kagera, Mlutheri, shati lake limepigwa pasi hata siku ambayo haendi popote. Mkewe alitania kwamba hata pajama lake lina mikunjo ya pasi. Mwalimu alikuja na daftari gumu alilolipigia mistari kwa rula. Kila mwanamieleka alikuwa na safu yake: kukaba, kurusha, kuanguka, pumzi. Kila kipengele alama kumi. Mwembamba alikuwa na thelathini na saba. Mwenye Joho alikuwa na kumi na nne.

Jumapili ya kwanza baba mkwe alipoona mwalimu anaandika, alidhani anaandika majina ya wageni.

"Shikamoo mzee," mwalimu alimwambia, akainuka nusu.

"Marahaba, mwalimu. Unaandika nini?"

"Nawasahihisha hawa, mzee. Nani anajua kazi na nani hajui."

Baba mkwe aliomba asomewe. Aliposikia Mwenye Joho amepata kumi na nne, aligeuza shingo yote, kwa sababu jicho zima lilikuwa upande wa pili.

"Kumi na nne? Huyu aliyesimamisha watu wote wale?"

"Kusimamisha watu si mieleka, mzee."

"Sasa mieleka ni nini? Wewe ukimkaba mtu peke yenu polini, nani atajua mmekabana?"

Alisema "polini" kwa maana ya porini, na watu walicheka, naye akacheka nao. Halafu akaeleza. Kwao, alisema, baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma hushindana katika uwanja mmoja, saa ile ile, kila kimoja upande wake. Watu wako huru. Wakivutiwa na upande huu, wanakimbilia huku. Wakivutiwa na ule, wanahama. Jioni, chama chenye watu wengi ndicho kimeshinda. Hakuna daftari. Yeye mwenyewe katika ujana wake aliwahi kucheza na fisi aliyefugwa, akawavuta watu wa upande wa pili mpaka manju wao akabaki anaimba na wake zake tu.

"Na manju huyo," mwalimu aliuliza, "alikuwa anaimba vibaya?"

Baba mkwe alifikiri kidogo. "Hapana. Aliimba vizuri kuliko wetu."

"Basi hamkumshinda kwa kuimba. Mlimshinda kwa fisi."

"Lakini tulimshinda. Watu ndio kula."

"Kula au kura, mzee?"

"Vyote viwili."

Ubishi ule uliendelea wiki baada ya wiki, na nyumba nzima iliupenda. Kulikuwa na waliosema mambo yote yale ni maigizo, kwamba wanapanga kabla nani ataanguka. Mwalimu hakujali. Alisema hata kama wamepanga, mtu akiruka kutoka juu ya kamba na kutua kwa mgongo, mgongo haujui kama kuna mpango. Baba mkwe naye hakujali. Alisema ngoma pia hupangwa, na watu hulia machozi ya kweli. Mwalimu aliongeza safu ya tano katika daftari, akaiita "mvuto", kisha akaifuta kwa sababu hakujua ataipimaje.

Siku moja alinigeukia mimi pale kwenye kigoda. "Shemeji, wewe unasemaje? Unamtazama nani?"

Sikuwa nimezoea kuulizwa. Nilisema kweli tu. "Mimi namtazama anayeanguka. Akianguka vizuri, aliyemwangusha anaonekana ana nguvu. Akianguka vibaya, wote wawili wanaonekana wajinga."

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyegundua chumba kipya katika nyumba yake. Mwalimu aliandika kitu. Baba mkwe alisema, "Mama ana macho," na mpaka leo sijui kama alinisifu au aliyaonea wivu macho yangu mawili.

Mwishowe walikubaliana kufanya jaribio. Jumapili moja tungeonyesha mkanda wa Mwembamba peke yake, na iliyofuata wa Mwenye Joho. Mtaa ungetangaziwa mapema. Mimi ningehesabu viatu mlangoni, maana watu hawatulii lakini viatu vinatulia.

Jumapili ya Mwembamba nilihesabu jozi ishirini na tatu. Walitazama kimya. Mwalimu alieleza kila kabari, mkono unapita wapi na goti linakaa wapi, na kwa kweli ilipendeza. Nilianza kuona mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Wazee wawili walisinzia, lakini hakuna aliyeondoka kabla ya mwisho. Mwalimu alilitaja hilo la kutoondoka mara tatu jioni ile.

Jumapili ya Mwenye Joho nilifika jozi sitini nikaacha kuhesabu. Ndala zilikuwa zimepandana, raba juu ya makatambuga, viatu vya kanisani chini kabisa. Wengine walichungulia dirishani na viatu vyao miguuni. Nilimuuliza mwalimu kama na hao wahesabiwe, akasema kwa huzuni kwamba haki ni haki, wahesabiwe. Baba mkwe alikaa mbele katika shati jeupe.

Mwenye Joho alitokea. Alitembea. Watu wa ukumbini walisimama, na watu wa sebuleni kwetu nao walisimama. Alifika kwenye kamba, akaivuka, akainua mikono kulifungua joho, na umeme ukakatika.

Ulikuwa wakati wa mgao, na sote tulijua hautarudi mpaka kesho. Chumba kizima kilitoa sauti moja ya maumivu. Nilingoja watu waanze kutafuta viatu vyao. Hakuna aliyetoka. Walikaa wakitazama kioo kilichokufa.

Baba mkwe aliinuka. "Mama," aliniita, "nipe lile pazia."

Lilikuwa pazia jekundu la mlango wa chumbani. Mume wangu alilichomoa kwenye waya, naye mzee akalifunga mabegani, akatoka nje uani. Watu walimfuata. Alirudi mpaka kwenye ukuta wa choo, akageuka, akaanza kutembea. Jamani, nimeona watu wakitembea, lakini sijaona tena mtu akitembea vile. Mzee mwenye plasta usoni, pazia linaburuta kwenye vumbi, kuku wanampisha. Hakuharakisha. Alimtazama kila mtu kwa zamu, kwa jicho moja, na kila aliyetazamwa alipiga kelele.

"Nani anakuja?" aliuliza alipofika katikati.

Mwalimu alijitokeza haraka, uso wake una wasiwasi. Nilimsikia akinong'ona, "Mzee, daktari amekukataza kuinama. Ukitikisika jicho linaharibika."

"Sitatikisika," mzee alijibu. "Tikisika wewe."

Basi mwalimu alivua saa yake, akampa mkewe. Mtu akaleta mkeka. Mwalimu alizunguka mara mbili, amekunja ngumi, kisha akamrukia. Baba mkwe alinyoosha kidole kimoja, akamgusa kifuani. Na mwalimu wa hesabu, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, aliruka juu, akageuka hewani, akatua kwa mgongo na mikono yote miwili ikapiga mkeka kwa kishindo kilichosikika mpaka barabarani.

Uani kulilipuka vicheko. Mkewe alikaa chini akicheka, saa mkononi. Mwalimu alijiinua kwa shida, akashika kiuno, akaja tena. Safari hii mzee alipuliza tu. Mwalimu alirudi nyuma hatua kwa hatua kama aliyepigwa na upepo wa ziwa, akajikwaa kwenye ndoo, akapiga magoti, akayumba, akaanguka kifudifudi. Shati la pasi lilikuwa la rangi ya udongo. Mara ya tatu mzee alimpa mgongo na kuondoka, hakumgusa kabisa, na mwalimu alianguka vilevile, kwa kutazamwa na kisogo. Nilicheka mpaka nikaishika nguzo ya jikoni.

Walipomaliza, wakiwa wamekaa kwenye mkeka na maji ya kunywa, ubishi ulianza upya kabla mwalimu hajapata pumzi.

"Hukunigusa hata," alisema. "Kazi yote nimefanya mimi."

"Na watu walimshangilia nani?"

"Walishangilia nilipoanguka!"

"Ulianguka kwa nani?"

Waligeuka wote wawili kunitazama. Nilisema nilimtazama mwalimu kwa sababu niliogopa ataumia, na nilimtazama baba kwa sababu nilitaka kujua atafanya nini tena. Hawakuridhika, lakini niliona kila mmoja amechukua nusu yake ya jibu na kuiweka mahali pazuri.

Mke wa mwalimu alileta ndizi alizopika na maharage, mimi nikaleta dagaa, na waliobaki walikula pale pale uani. Pazia nililifua kesho yake. Udongo haukutoka wote, na sikuusugua sana.

Jicho lilipona. Plasta ilipotolewa mara ya mwisho, baba mkwe alisema anarudi kwa ng'ombe wake, na mwalimu akaomba atusindikize sisi tunaomsindikiza. Tulimfikisha Usagara, njia panda, ambako gari dogo la mizigo lingempeleka mpaka karibu na kwake. Mwalimu alimbebea furushi. Dereva alipiga honi. Mzee alikuwa amesimama kando ya barabara akieleza habari ya mchezaji mmoja wa zamani aliyejua kupiga ngoma kwa miguu, na mwalimu alikuwa anauliza huyo alikuwa na pumzi kiasi gani, na kama watu walimjia kwa ajili ya miguu au kwa ajili ya kitu kingine. Honi ikapigwa tena. Mume wangu akasema, "Baba, gari." Mzee akainua mkono kumwambia asubiri.

Gari likaondoka. Hakuna aliyekasirika. Mume wangu alinunua mahindi ya kuchoma, tukakaa kwenye gogo pembeni ya barabara, mimi upande wangu kama desturi inavyotaka, wao wawili upande wao, na tukangoja gari jingine. Lilichukua muda mrefu kuja. Jua lilikuwa zuri, mahindi yalikuwa laini, na wale wawili walikuwa bado hawajamaliza.