Susu Hahesabiwi

Nilipokuwa mtoto, kwetu kitu hai hakikuhesabiwa. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alipokuja kukaa nasi Kangemi, nilimuuliza ameacha mbuzi wangapi Kitui. Akanikata jicho. "Wapo," akasema. Aliamini kinachohesabiwa huanza kupungua.

Alikuja kwa sababu alikuwa akizirai, tena akiwa ameketi tu, akichagua maharagwe. Mama alimpeleka kliniki mjini. Muuguzi akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa. Susu alikakamaa mwili mzima, maana alijua anahesabiwa.

"Shosho, pulse iko sawa kabisa," muuguzi akasema. "Ni uzee tu. Kunywa maji mingi."

Wiki haikuisha, akazirai tena.

Alasiri moja alisinzia kwenye kochi akiwa ameniachia mkono wake, na kidole changu kikaangukia palepale pa muuguzi. Moyo ulipiga, ukanyamaza. Nikadhani Susu amekwisha. Ukapiga tena. Sikuelewa kitu. Mbona kliniki ulikuwa sawa, na hapa unajikokota? Nikihesabu, nitampunguza. Nisipohesabu, nitajuaje? Nikahesabu kimoyomoyo, huku wangu ukinienda mbio.

"Mama, akilala ndio inaenda polepole," nikamwambia. "Kwa sista wa kliniki aliogopa."

Mama hakunicheka. Katika hospitali moja ya Upper Hill walimfunga mashine kifuani, wakaiacha hata alipolala. Daktari akatueleza kwamba woga huuharakisha moyo. Wa Susu, ukiachwa utulie, ulisahau kupiga. Wakamwekea chini ya ngozi kidude cha kuukumbusha.

Hakuzirai tena. Mama, kwa majivuno, akamweleza ni nani aliyegundua.

Susu akanigeukia. "Kwa hivyo ulinihesabu," akasema, bila hasira.

Miaka mingi baadaye bado alinipikia, alinitania, alinitemea mate ya baraka kifuani. Lakini nikiushika mkono wake aliuondoa taratibu, akajifanya anatafuta leso. Niliumia, na sikujua nimuulize vipi. Nilikuwa nimemwokoa au nimemwibia? Daktari angejibu upesi. Mimi ni mtu mzima sasa, na bado najibu nikisitasita: ningehesabu tena, na ningeumia tena.

Alipofariki, mzee kweli, nilikaa kando ya kitanda nikaushika mkono ule. Niliushika muda mrefu, nikilia, maana sasa hakuuondoa.